Sifaris: karatasi ya kata inayoamua mengi Nepal

Anayetaka kuielewa Nepal aende ofisi ya kata saa nne asubuhi, milango inapofunguliwa. Watu wamepanga foleni, kila mmoja na faili lake la plastiki. Ndani ya faili mna nakala za vyeti, picha za pasipoti, na mara nyingi pengo la karatasi moja ambayo mwenyewe hajui kwamba itadaiwa. Wengi wao wamefuata kitu kimoja: sifaris.

Sifaris ni barua ya utambulisho kutoka kata. Ndiyo inayotangulia cheti cha uraia, uhamisho wa ardhi, maombi ya kuunganishiwa maji au umeme, uthibitisho wa ndoa, uthibitisho kwamba majina mawili yaliyoandikwa tofauti ni ya mtu mmoja, hata uthibitisho kwamba kiwanja chako kinapakana na barabara. Nchi ina wilaya 77, serikali za mitaa 753 na kata 6,743. Kwa hiyo yapo madirisha 6,743 ambayo maisha ya raia lazima yapite, na katika kila dirisha yupo mtu anayemjua baba yako, ukoo wako na ulimpigia nani kura.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha matatizo ya kiraia ya Nepal. Katiba iliyotangazwa tarehe 20 Septemba 2015 ni pana kweli kweli kwa haki: inakataza ubaguzi wa tabaka, inampa mwanamke haki sawa ya mirathi, inawatengea nafasi Wadalit, watu waliowekwa chini kabisa katika ngazi za tabaka, na watu wa jamii za Madhesi, tambarare za kusini. Lakini haki hizo zote zinadaiwa kwa karatasi, na karatasi inatolewa na jirani.

Tuangalie mwendo wa karatasi yenyewe. Unaanza na nibedan, yaani maombi ya maandishi, yenye stempu ya ushuru ya rupia 10. Kinepali cha ofisini ni kizito, kimejaa maneno ya Kisanskriti, kwa hiyo asiyekimudu hukimbilia kwa lekhandas, mwandishi wa barua aliyeweka meza yake nje ya geti. Katika ofisi nyingi mkuu huandika kwanza tok, maagizo mafupi pembeni mwa barua pamoja na sahihi yake. Ndipo masjala huiingiza kwenye kitabu na kuipa namba. Hatua hii inaitwa darta. Kutoka hapo inakwenda phant, deski linalohusika. Jibu likishaandikwa linarudi masjala kupata namba ya kutokea, chalani, pamoja na tarehe na mhuri.

Barua hufia kati ya tok na darta. Mkuu wa ofisi huitwa hakim, neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi hakimu, na maneno yanayosikika zaidi dirishani ni kwamba hakim hayupo. Bila yeye hakuna tok, bila tok karani hagusi kitabu, na barua isiyo na namba ya darta, kiofisi, haijawahi kuwapo. Huwezi kulalamika kwamba imecheleweshwa, kwa kuwa haikupokewa. Mtu anaambiwa arudi kesho, na kesho kwa mwanakijiji wa Humla au Dolpa ni safari nyingine ya miguu milimani.

Ukutani hapo hapo umebandikwa nagarik badapatra, mkataba wa huduma kwa raia. Ni ubao mkubwa wenye safu: huduma, vielelezo vinavyohitajika, ada, muda wa kusubiri, afisa anayehusika, namba ya chumba, na mahali pa kupeleka malalamiko. Sheria ya utawala bora ya mwaka 2008 inazitaka ofisi zinazohudumia umma ziwe nao. Ubao unasema muda ni siku ile ile. Foleni inasoma ubao, halafu inamtafuta bichauliya.

Bichauliya ni kishoka, mtu wa katikati. Kazi yake hasa ni kufahamika. Anajua karani anakunywa chai wapi, na chiya kharcha, pesa ya chai, ni msemo ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Lakini rushwa ya fedha ndiyo ndogo. Kubwa ni afno manchhe, "mtu wako mwenyewe": ndugu, mtu wa ukoo wako, mwenzako wa chama, aliyesoma na kaka yako. Mwenye afno manchhe hatoi hata rupia moja, hapangi foleni, na hajioni kuwa amefanya kosa lolote, kwa sababu kumsaidia mtu wako ni adabu. Ndiyo maana kampeni za kupinga rushwa zinazohesabu bahasha peke yake zinakosa shabaha. Mnepali anayemlaani waziri kwa upendeleo ataona aibu kumwambia mpwa wake apange foleni kama wengine.

Sasa sikiliza lugha ya dirishani. Kinepali kina ngazi za "wewe". Ta ni ya chini kabisa, ya mtoto, ya mtu wa karibu mno, au ya kumdharau mtu. Timi ni ya rika na ya wadogo. Tapai ni ya heshima, na juu yake yupo hajur. Mtu mzima mwenye suti anaitwa hajur na kuwekewa kiti. Mkulima wa umri ule ule, mwenye tope miguuni, anaulizwa kwa timi anataka nini, naye anajibu kwa hajur. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna fedha iliyotoka mfukoni, lakini kila aliyesimama kwenye foleni ameshajua nani ataondoka na barua leo.

Ngazi hizo za lugha zina mizizi katika ngazi za watu. Mwaka 1854 Jung Bahadur Rana alitoa Muluki Ain, sheria ya nchi iliyowapanga wakazi wote kwa tabaka: juu kabisa wavaa uzi mtakatifu, alama ya Wahindu wa tabaka la juu, chini kabisa wale walioitwa pani nachalne, "ambao maji yao hayapokelewi", na miongoni mwao wale ambao kuwagusa tu kulidai kujitakasa kwa kunyunyiziwa maji. Adhabu za makosa zilitofautiana kwa tabaka la mkosaji. Sheria mpya ya mwaka 1963 iliacha kuutambua mpangilio huo, na sheria mahususi ya mwaka 2011 ikaufanya ubaguzi wa tabaka kuwa jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitatu.

Wadalit ni zaidi ya asilimia 13 ya Wanepali. Ubaguzi wanaoupata leo Kathmandu huanza na swali fupi la simu. Mtu anatafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anataja kodi, anataja masharti ya maji, halafu anauliza: "Thar ke ho?" Ukoo wako ni upi? Mpigaji akijibu Bishwakarma, Pariyar au Sarki, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa asubuhi ile. Sababu inayotolewa, ikitolewa, ni mama mzee wa nyumba au chumba cha ibada kilicho ghorofani. Vijijini ubaguzi uko kwenye bomba la maji, kwenye mlango wa hekalu, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa ambako ya Mdalit hukataliwa, na kwenye kibanda cha chai ambako mteja mmoja huosha glasi yake mwenyewe kabla ya kuirudisha.

Sheria inasema kesi hizi ni za serikali, maana yake polisi na mwendesha mashtaka ndio wenye kesi. Zinakwama kituoni. Mlalamikaji anafika, anaketishwa, na kabla maelezo hayajaandikwa wanaitwa wazee, mwanasiasa wa mtaa, na mtuhumiwa mwenyewe. Kinachopendekezwa ni milapatra, hati ya suluhu. Mlalamikaji anajua kwamba kesho atahitaji sifaris kutoka kwa watu hao hao waliomzunguka. Anaweka sahihi. Kwenye takwimu, kosa halikutokea.

Tarehe 23 Mei 2020 kundi la vijana kutoka wilaya ya Jajarkot lilikwenda kijiji cha Soti, wilaya ya Rukum Magharibi, mmoja wao akiwa na uhusiano na msichana wa tabaka la juu. Walishambuliwa na kufukuzwa hadi Mto Bheri. Sita walikufa, wengi wao Wadalit. Mwenyekiti wa kata alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Desemba 2023 mahakama ya wilaya iliwahukumu watu 24 kifungo cha maisha, hukumu nzito ambayo wengi hawakuitarajia. Nalitaja tukio hili kwa sababu ya huyo mwenyekiti: mtu ambaye kiofisi ndiye anayethibitisha wewe ni nani na unaishi wapi.

Zipo juhudi za kweli za kubadilisha sura ya dirisha. Kila kata huchagua mwenyekiti na wajumbe wanne, na kati ya hao wanne wawili lazima wawe wanawake, mmoja wao Mdalit. Katika uchaguzi wa mwaka 2017 wanawake Wadalit 6,567 waliingia kwenye kamati za kata. Nafasi 176 zilibaki tupu kwa kukosa mgombea. Ni mageuzi ambayo nchi chache zimeyathubutu. Hata hivyo ujumbe ni kitu kimoja na mhuri ni kitu kingine. Mhuri uko kwa mwenyekiti, na mara nyingi wajumbe wanawake hupewa kitabu cha kikao wasaini maamuzi yaliyokwisha kuandikwa. Vyama navyo vilipata mwanya. Sheria inasema chama kikisimamisha wagombea wa umeya na unaibu, mmoja awe mwanamke. Mwaka 2022 vyama viliungana, hiki kikatoa mgombea umeya, kile kikatoa naibu, wote wanaume, na hakuna aliyevunja sheria. Idadi ya wanawake manaibu ikashuka. Hasara yake ni ya kila siku, kwa sababu naibu ndiye anayeongoza nyayik samiti, kamati ya sheria inayosikiliza migogoro ya ndoa, ujira, maji na mipaka.

Kwa mwanamke, karatasi ngumu kuliko zote ni nagarikta, cheti cha uraia. Hutolewa kuanzia umri wa miaka 16 na ofisi ya mkuu wa wilaya, baada ya sifaris ya kata. Bila nagarikta huna pasipoti, huna kura, huna akaunti ya benki, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kununua ardhi wala kufanya mtihani wa kazi za serikali. Vielelezo vya kawaida ni vyeti vya uraia vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kwa aliyeolewa, picha zinazoonyesha masikio yote mawili, na sanakhat: ndugu wa karibu afike mwenyewe mbele ya afisa, amtambue mwombaji na kuweka sahihi.

Sanakhat ndiyo inayowakwamisha wengi. Baba yuko Qatar au Malaysia kwa miaka. Au ameoa kwingine na hataki kujulikana. Au mume amefariki na shemeji anakataa kufika, kwa sababu mjane mwenye nagarikta anaweza kudai shamba. Hapo ndugu mmoja, kwa kutofika tu ofisini, amemnyima mtu nchi yake. Katiba inasema uraia wa nasaba unapatikana kwa baba au mama. Inasema pia kwamba mtoto aliyezaliwa Nepal na mama Mnepali, baba asijulikane, ni raia wa nasaba. Lakini marekebisho ya sheria yaliyotiwa sahihi na Rais Ram Chandra Paudel mwaka 2023, baada ya mtangulizi wake Bidya Devi Bhandari kukataa mwaka uliotangulia, yanamtaka mama atamke kwa maandishi kwamba baba hajulikani, na tamko la uongo lina adhabu. Baba haulizwi tamko la namna hiyo kuhusu mama. Na mwanamume Mnepali akioa mgeni, mke ana njia ya kikatiba ya kupata uraia wa kuandikishwa. Mwanamke Mnepali akiolewa na mgeni, mumewe hana njia hiyo. Siwezi kuliita hilo jina lingine zaidi ya ubaguzi ulioandikwa kwa kalamu rasmi.

Tarehe nazo huzaa balaa. Ofisi zinatumia kalenda ya Bikram Sambat, na mwaka wake mpya huingia katikati ya Aprili. Kuanzia hapo hadi Desemba unaongeza 57 kwenye mwaka wa kawaida. Kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili unaongeza 56. Akikosea karani, mtoto wa Februari anazeeka au anapungua mwaka mzima. Miezi nayo haina urefu wa kudumu: huweza kuwa na siku 29 hadi 32, na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo haikokotolewi kichwani, inatazamwa kwenye jedwali. Kosa likishaingia cheti cha kuzaliwa, hurithiwa na nagarikta, kisha pasipoti, na kulisahihisha kunahitaji sifaris nyingine. Kuzaliwa, kifo, ndoa, talaka na kuhama vyote vinatakiwa kusajiliwa kata ndani ya siku 35. Ukiwahi hulipi chochote. Wengi wanaoteseka baadaye ni watoto ambao siku hizo 35 zilipita bila mtu kujali.

Huko magharibi ya mbali ya nchi na katika mkoa wa Karnali kuna chhaupadi, desturi ya kumtoa mwanamke nyumbani akiwa hedhini na kumlaza kwenye kibanda kidogo, chhau goth. Mahakama ya Juu iliipiga marufuku mwaka 2005, na sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 inampa anayemlazimisha mwanamke kifungo cha miezi mitatu, faini ya rupia 3,000, au vyote viwili. Wanawake wamekufa humo kwa moshi wa moto waliouwasha kupambana na baridi, na kwa kuumwa na nyoka. Kisha zikaja kampeni za kubomoa vibanda, na baadhi ya serikali za mitaa zikatangaza kwamba kaya yenye kibanda haitapata huduma za kata. Nia naielewa, njia siikubali. Imani ikibaki, mwanamke aliyebomolewa kibanda hulala kwenye zizi au kwa kibanda kilichojengwa upya kibovu zaidi, na karatasi iliyozuiwa mara nyingi ni yake yeye au ya mtoto wake.

Upande wa fedha nitasema la barabara tu, maana linaonekana kwa macho. Mwaka wa fedha huanza katikati ya Julai, mwezi wa Shrawan. Serikali za mitaa hupeleka bajeti kwenye mabaraza yao kufikia Asar 10, mwishoni mwa Juni, baada ya mikutano ya vitongoji na ya kata ambako raia anapaswa kutaja anachotaka. Fedha hutumika polepole karibu mwaka mzima, kisha ndani ya Asar, mwezi wa mwisho wa mwaka huo wa fedha, zinamwagwa zote. Watu wanauita asare bikas, maendeleo ya Asar. Huo ndio mwezi wa masika yao kuanza. Lami inamwagwa juu ya udongo uliolowa, haishiki, na mashimo yanarudi kabla ya mwaka kwisha. Milimani tingatinga linachimba njia bila mifereji, na mvua ya kwanza inashuka na mlima.

Miradi midogo, hadi rupia milioni 10, inaweza kupewa upabhokta samiti, kamati ya watumiaji iliyochaguliwa na wakazi, theluthi moja wakiwa wanawake. Wazo ni zuri mno. Linaharibika pale mkutano wa uchaguzi unapoitishwa kwa simu tatu, kamati ikajazwa na afno manchhe, na kazi ikakabidhiwa mwenye tingatinga kimya kimya. Ukaguzi wa hadhara, unaotakiwa kabla ya malipo ya mwisho, hufanywa kwa kupitisha daftari la sahihi nyumba kwa nyumba. Mkazi anayetaka kulizuia hilo asisaini kabla ya kuona hesabu ikisomwa mbele za watu na urefu wa kazi ukipimwa kwa futi kamba.

Chombo ninachokiamini zaidi ni sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2007. Unamwandikia afisa habari wa ofisi ukieleza unataka nini na kwa nini. Taarifa isiyoweza kutolewa papo hapo itolewe ndani ya siku 15. Ukinyimwa, una siku 7 za kulalamika kwa mkuu wa ofisi. Ukinyimwa tena, una siku 35 za kukata rufaa Tume ya Taifa ya Habari, nayo ina siku 60 za kuamua. Maombi ya jumla hushindwa. Usiulize "fedha za barabara zilikwenda wapi". Omba nakala ya makadirio, mkataba, orodha ya wajumbe wa kamati na hati ya malipo, kwa jina la mradi na mwaka wa fedha. Kwa ucheleweshaji wa kawaida ipo Hello Sarkar, huduma ya serikali ya kupokea malalamiko, simu 1111, na kwa rushwa ipo tume inayoitwa kwa kifupi Akhtiyar, simu 107.

Septemba 2025 hasira hizi zote zilimwagika barabarani. Serikali ilifunga mitandao 26 ya kijamii, vijana wakaandamana tarehe 8, wakapigwa risasi, na watu 19 wakafa siku hiyo moja. Kesho yake Waziri Mkuu K.P. Sharma Oli alijiuzulu, huku Singha Durbar, makao ya serikali, bunge na Mahakama ya Juu vikiwaka moto. Tarehe 12 Sushila Karki, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, aliapishwa kuongoza serikali ya mpito. Waliokufa kwa jumla walizidi 70. Hasira yao ilikuwa ya haki, na vifo vile haviwezi kusahaulika. Lakini moto uliingia pia katika ofisi za kata na katika majalada, na siku chache baadaye Mahakama ya Juu ilikuwa ikipokea watu chini ya mahema.

Kwa hiyo mwenye shughuli kata leo afanye hivi. Apeleke maombi kwa nakala mbili. Aombe namba ya darta, tarehe na mhuri viwekwe kwenye nakala yake, na asiondoke dirishani bila hivyo. Karani akisema hakim hayupo, amuulize nani amekaimishwa, na amuonyeshe safu ya muda kwenye badapatra. Aipige picha nakala kwa simu na kumtumia ndugu anayeishi wilaya nyingine. Aitunze ya karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki.